Tairi Linalogoma kwenye Rimu ya Kaboni: Pa Kutafuta Nafasi

Jumamosi moja ya msimu wa kaskazi, saa saba za mchana, mpwa wangu alikuwa amekaa mkekani chini ya mwembe wa karakana yetu hapa Malindi, gurudumu la kaboni mapajani, vidole gumba vimemwiva. Tairi lilikuwa limeingia pande zote isipokuwa kipande cha kama shubiri moja, nacho kimekaa juu ya ukingo kinamcheka. "Ami, hili halikutengenezewa binadamu," akaniambia, na mkono wake ukaanza kukitafuta kijiko cha chuma. Nikakiwahi.

Nilikiwahi kwa sababu nakijua. Miaka kadhaa nyuma, kwa kijiko kama hicho hicho, nilivunja ukingo wa rimu ya mzee mmoja wa Kitaliano anayekaa upande wa Casuarina. Haikulia sana, ni "kche" ndogo tu, kama ganda la korosho. Rangi iliinuka kidogo, nikajidanganya kwamba ni rangi peke yake. Nilipopitisha ukucha nikahisi nyuzi. Yule mzee hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akakitazama kijiko, akauliza kwa Kiswahili chake cha ufukweni, "Hiki si cha uji?" Rimu ile niliilipa kwa mafungu, miezi saba.

Sisi mafundi wa huku tumelelewa na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma. Rimu yake chuma, waya wa tairi lake chuma, na liva ya kulitolea ni chuma pia. Kitu kikipinda unakinyoosha kwa nyundo na maisha yanaendelea. Kaboni haipindi ikanyooshwa. Ni nyuzi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya gundi iliyokauka ikawa ngumu. Hubeba mzigo mkubwa kwa njia iliyopangiwa kuubeba, lakini ukiuchokonoa ukingo wake kwa ncha ya chuma, nguvu yote inaangukia mahali padogo kama punje ya mtama, na tabaka zinaachana kwa ndani kabla jicho halijaona kitu. Ukingo ulioachana ndio huo huo utakaotakiwa kulishikilia tairi lililojaa upepo ukiwa barabara ya Gede na matatu iko nyuma yako.

Magurudumu haya yameongezeka mjini. Yapo ya Wataliano wanaoacha baiskeli zao hapa mwaka mzima, na yapo ya vijana wetu wanaonunua baiskeli za mbio za mitumba, halafu wanajikusanya alfajiri kwenda Watamu na kurudi kabla jua halijakaza. Wote huja na malalamiko yale yale, na karibu mara zote dawa yake si misuli.

Kwanza, nafasi iko wapi

Vua tairi uitazame rimu kwa ndani. Utaona kingo mbili, huku na huku. Karibu na kila ukingo pana kibaraza chembamba. Hapo ndipo waya wa tairi, ule uliofichwa kwenye mdomo wa kila upande wa tairi, unapokaa tairi likishajaa. Katikati ya vibaraza hivyo viwili kuna mfereji ulioshuka chini. (Nasema "waya" kwa mazoea ya karakana. Kwenye matairi mengi ya kukunjwa si chuma tena, ni uzi imara kama kevla, lakini kazi yake ni ile ile: haunyuki.)

Kipenyo cha pale kibarazani, kwa baiskeli nyingi za mbio na za barabara za vumbi, ni milimita 622. Waya wa tairi umekatwa kwa kipimo hicho hicho. Sasa waya wa 622 utaurukaje ukingo ulio juu ya kibaraza, na wenyewe haunyuki? Kwa hila moja tu: upande mmoja ushuke mferejini ili upande wa pili upate ulegevu wa kupanda. Hesabu yake si ngumu. Mfereji ukiwa na kina cha milimita 3 chini ya kibaraza, na nusu ya waya ikalala humo, unapata takriban milimita 9 za ulegevu upande wa pili. Kila milimita moja ya kina inakupa kama tatu za ulegevu. Milimita tisa ukizichora kwenye karatasi hazifiki hata upana wa kidole, lakini ndizo zinazoamua kama tairi litaingia au utalala na hasira.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nafasi ya tairi la kubana imo mvunguni. Karibu kila dalili nitakayoitaja hapa ni habari ya kitu kilichouzuia waya usifike huko chini.

Dalili: shubiri ya mwisho haiingii

Hii ndiyo inayowaleta watu tisa kati ya kumi wanaoshika mlango wangu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Jambo la kwanza, toa mikono pale panapobana. Najua haipendezi, macho na vidole vyote vinataka kupigana papo hapo, lakini ugonjwa uko upande wa pili wa gurudumu. Ligeuze utazame. Kama waya umesogea ukashikana na ukingo, basi umepanda kibarazani na ule ulegevu wote umeumeza. Libane tairi kutoka pande mbili kwa vidole, waya zote mbili zikutane katikati, zishuke mferejini. Kisha uendelee kubana na kusukuma, kulia na kushoto kwa zamu, ukielekea pale palipogoma, kama mtu anayekamua kikoi kilicholowa. Zungusha hivyo mara mbili au tatu. Usirukie mbele, sehemu uliyoiacha nyuma bila kuibana hupanda tena kimyakimya.

Nikiwa peke yangu hukata vipande viwili vya tyubu kuukuu na kufunga tairi na rimu pamoja, kimoja kila mwisho wa sehemu iliyobaki. Bila hivyo unaingiza huku linatoka kule, mchana kutwa. Mpira haukwaruzi kaboni, na tyubu kuukuu hazijawahi kuadimika Malindi.

La pili, uliza umemalizia wapi. Pale penye vali, mfereji umezibwa na kitako cha vali yenyewe, kwa hiyo waya hauwezi kushuka. Ukianza kwenye vali ukamalizia upande wa pili, umejinyima ulegevu mahali pale pale unapouhitaji. Anza mkabala wa vali, malizia kwenye vali. Kama ulifanya kinyume, litoe lote uanze upya. Inauma, ila ni dakika mbili, na ubishi ni nusu saa. Kwa tairi lenye tyubu, kabla ya kusukuma kipande cha mwisho, bonyeza vali iingie juu kidogo ndani ya tairi ili isinaswe chini ya waya.

La tatu ni tyubu. Inatakiwa hewa kidogo tu, ya kuipa umbo la mviringo isijikunje. Ikijaa zaidi ya hapo inakaa mferejini kama mgeni aliyekalia kitanda chako. Ukifika robo ya mwisho, itoe hewa yote. Tazama pia kipimo kilichopigwa chapa juu yake. Mara kadhaa nimekuta tyubu nene ya baiskeli ya mizigo imesokomezwa ndani ya tairi la milimita 28, halafu mwenyewe analilaumu tairi.

La nne ni tepu, na hapa ndipo ilipokuwa siri ya lile tairi la mpwa wangu. Tepu ya kitambaa, ile ya zamani, ina unene wa karibu milimita 1. Rudi kwenye hesabu yetu: milimita moja ya kina ni tatu za ulegevu, zimekwenda. Fundi aliyetangulia akiongeza tabaka la pili juu ya la kwanza, "kwa usalama", mfereji unakaribia kuwa uwanja. Kwenye gurudumu lile tulitoa tepu ya kitambaa, juu yake tepu ya plastiki, na juu yake tena tepu nyeusi ya umeme. Tulipovua zote, tukasafisha kwa spiriti na kuzungusha tepu nyembamba ya tyubulesi (yaani ya matairi yanayoendeshwa bila tyubu) tabaka mbili, kijana aliliingiza kwa viganja bila liva yoyote. Akanitazama kana kwamba nimemfanyia mazingaombwe. Kijiko kilirudi jikoni kwa mama yake siku hiyo hiyo.

Tepu hiyo ya tyubulesi iwe pana kidogo kuliko upana wa ndani wa rimu, ivutwe ikaze sana, ilale mpaka chini ya mfereji bila kuacha uwazi, na isianzie kwenye tundu la vali. Tepu iliyokatiza juu ya mfereji kama ngozi ya ngoma ni mbaya kuliko iliyo nene, kwa sababu macho yanaona nafasi ambayo haipo. Zipo pia rimu ambazo hazina matundu ya spoki kwa upande wa ndani. Hizo hazihitaji tepu kabisa, na nimeshawahi kukuta nazo zimefungwa tepu.

La tano, tairi lenyewe ni jipya na limekaa miezi limekunjwa kwenye boksi. Hapa Malindi tumejaaliwa: lianike juani nusu saa, lilainike. Paka maji ya sabuni ya vyombo kwenye waya na kwenye kingo. Usipake grisi, mafuta ya taa, wala mafuta ya nazi (nimeona!), maana mafuta hudhoofisha mpira na kulifanya tairi liteleze hata baada ya kukaa. Na kama baiskeli inabana breki kwenye rimu yenyewe, futa sabuni yote na uikaushe kabla mtu hajaipanda.

Baada ya hayo yote ndipo tunazungumza kuhusu mikono. Vidole gumba huchoka haraka. Simamisha gurudumu, upande wa chini ukiegemea tumbo, ushike tairi kwa viganja vyote viwili na ulikunje kwa kisigino cha kiganja, kama unayesukuma donge la chapati mbali nawe. Chukua sentimita mbili mbili kutoka pembeni, usiishambulie katikati. Ikibaki sentimita tano au sita na umeshahakikisha waya uko chini pande zote, liva ya plastiki inaruhusiwa, moja, nzima isiyo na makali. Kuna pia koleo la plastiki ambalo huegemea ukingo wa upande mmoja na kuvuta waya wa upande wa pili juu. Ni kifaa kizuri kwa wenye mikono mizee kama yangu. Ikiwa plastiki inapinda mpaka inageuka nyeupe, usitafute ngumu zaidi. Inakwambia waya umepanda tena mahali.

Dalili: hata waya wa kwanza unakataa

Waya wa kwanza, bila tyubu ndani, kwa kawaida huingia kwa mkono. Ukikataa, acha kusukuma usome namba ubavuni mwa tairi.

Inchi zinadanganya. Black Mamba ina tairi la 28, na baiskeli ya mbio nayo wapo wanaoiita ya 28, lakini ile kubwa ya 28 × 1½ ina kipenyo cha milimita 635 na ya mbio ina 622. Tairi la baiskeli ya milimani liitwalo 29, kinyume chake, ni 622 vile vile. Ukiona 584 au 559, hilo ni la gurudumu dogo zaidi. Namba ya kuamini ni ile ya tarakimu mbili, kistari, kisha tatu: 28-622, 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha waya, na hiyo ya pili lazima ilingane na ya rimu, hakuna kukaribiana. Kijana mmoja wa Maweni aliniletea tairi la 40-635 alilouziwa dukani kwa maneno matamu, akashangaa jinsi linavyoingia kwa urahisi kwenye rimu yake ya 622. Liliingia kama pete ya bibi kwenye kidole cha mjukuu. Laiti angelijaza upepo lingeruka.

Namba zikilingana na bado hali ni ngumu mno, kumbuka kwamba viwanda huruhusiwa kupishana kidogo. Nusu milimita ya kipenyo ni milimita moja na nusu ya mzingo. Rimu iliyo upande wa ukubwa ikikutana na tairi lililo upande wa udogo, zote mbili halali, unapata ndoa ya kelele. Ndiyo maana tairi moja linaingia kwa wimbo gurudumu la mbele na kugoma la nyuma. Jaribu kubadilisha kabla ya kumrudishia muuzaji.

Dalili: limeingia, lakini tyubu imekufa

Soma tundu, litakwambia nani mkosaji. Jaza tyubu hewa, itumbukize kwenye karai la maji, halafu iweke sambamba na gurudumu, vali kwa vali, uone tundu liliangalia wapi.

Mpasuko mmoja mfupi karibu na ukingo, mahali ulipotumia liva, ni wako. Umeibana tyubu kati ya liva na rimu. Matundu mawili yanayotazamana kama alama ya meno ya nyoka ni tyubu iliyobanwa kati ya tairi na rimu ulipopiga shimo. Upepo ulikuwa mdogo, na rimu ya kaboni iliyopata kishindo hicho ikaguliwe kingo zote mbili. Tundu upande wa ndani, ule unaotazama spoki, ni tepu iliyohama au iliyochanika. Na tundu upande wa nje ni mwiba au kigae, hapo fundi hana kesi, ila pitisha vidole ndani ya tairi taratibu kabla ya kuweka tyubu nyingine. Kiraka na solusheni ni halali kabisa hata kwenye baiskeli ya bei ya pikipiki, msione haya.

Dalili: kimya, halafu mlio wa bunduki

Tyubu ilikuwa imechungulia chini ya waya. Unapojaza, inasukuma tairi juu ya ukingo, dakika mbili baadaye inalipuka na paka wa mtaa wote wanakimbia. Kinga yake ni kuzunguka gurudumu zima kabla ya kujaza, ukilisukuma tairi pembeni kwa vidole, pande zote mbili, uhakikishe huoni mpira wa tyubu popote. Mlipuko wa namna hii unaweza kuupasua ukingo wa kaboni, kwa hiyo baada yake usikimbilie kuweka tyubu mpya. Futa rimu, itazame kwenye mwanga wa pembeni, pitisha ukucha ukingoni. Gonga kwa sarafu kuzunguka. Sauti ikawa kavu na ya wazi halafu ghafla ikawa butu kama unagonga kadibodi, hapo usiendeshe mpaka mtu anayeijua kaboni aitazame. Sarafu haiwezi kukuhakikishia uzima, lakini ugonjwa mkubwa huusikia.

Dalili: gurudumu limenyooka, tairi linacheza

Zungusha gurudumu utazame tairi, si rimu. Kwenye ubavu wa tairi, juu kidogo ya ukingo, kuna mstari mwembamba uliochorwa na kiwanda. Unatakiwa uonekane kwa umbali ule ule kuzunguka kote. Pale unapozama, waya bado umelala mferejini haujapanda kibarazani. Tairi la kubana hupenda kufanya hivi, na ni haki yake: lile lile lililokuwa gumu kushuka ni gumu kupanda.

Toa hewa, paka maji ya sabuni sehemu iliyozama, jaza tena. Utasikia "pa! pa!" likipanda, hiyo ni sauti njema. Usivuke namba ndogo kati ya mbili: ile iliyoandikwa kwenye tairi na ile ya rimu. Rimu isiyo na ndoano, yaani yenye kingo zilizonyooka kwa ndani bila kijino cha kulishika tairi, mwisho wake ni psi 72 tu, hata kama tairi linajitapa kwa zaidi ya 100. Nimewaona watu wakiongeza upepo mpaka sindano ya kipimo inatetemeka ili tairi lipande. Likikataa kwenye kikomo, tatizo ni ukavu au uchafu, ongeza sabuni. Mchanga wetu wa ufukweni ni mwembamba na hujificha kibarazani, punje chache zinatosha.

Dalili: tyubulesi inavuja kila mahali, pampu inakushinda

Hapa mambo yanageuka. Ulegevu uliokuwa ukiutafuta kuingiza tairi sasa ndio adui, kwa sababu waya umekaa mferejini na hewa inapita juu yake. Unahitaji hewa nyingi kwa ghafla. Toa kiini cha vali kwa kifungulio chake, hewa ipite kwa njia pana, kisha tumia kompresa. Ya kituo cha mafuta inafaa ukiwa na kichwa cha kubadilishia vali nyembamba, lakini imetengenezewa magari: bonyeza kidogo kidogo, tazama kipimo, usiinamie gurudumu.

Kama huna kompresa, njia ya maskini inafanya kazi vizuri vile vile. Weka tyubu ndani, jaza, waya zote zipande, liache lilale hivyo usiku kucha. Asubuhi toa upande mmoja tu, chomoa tyubu, weka vali ya tyubulesi, rudishia. Sasa una upande mmoja uliokwisha kukaa na unapigana na mmoja badala ya miwili. Dawa ya kuziba, yale majimaji yanayozunguka ndani ya tairi na kuziba matundu, itie mwisho, mililita 30 hadi 40 kwa tairi la mbio, kama 60 kwa tairi nene la kwenda Marafa.

Dalili: jioni limejaa, asubuhi limelala

Paka povu la sabuni uone linachemka wapi. Likichemka kwenye ukingo, tikisa gurudumu dawa ifike hapo, lilaze ubavu saa moja kila upande. Likichemka kwenye kitako cha vali, kaza nati kwa vidole, si kwa koleo. Nati iliyokazwa kwa koleo huibana kaboni pale pembamba na hutaweza kuifungua ukipata pancha njiani.

Likichemka kwenye spoki, hilo ndilo la kulichukulia kwa uzito. Maana yake tepu imechanika, pengine kwa liva yako, na hewa imeingia ndani ya tumbo la rimu, mahali pasipopangiwa kubeba upepo. Na dawa inayopenya huko huozesha nipeli za alumini, vile vinati vinavyoshika spoki, kazi ambayo chumvi ya bahari yetu imeshaianza bila msaada. Vua, bandika tepu upya kuanzia mwanzo. Kiraka juu ya tepu hakishiki.

Joto letu nalo hukausha dawa haraka kuliko inavyoandikwa kwenye chupa. Msimu wa kaskazi mimi hufungua na kukagua kila mwezi. Tikisa gurudumu karibu na sikio; usiposikia maji, hakuna maji.

Dalili inayofurahisha wengi: limeingia kwa urahisi mno

Msishangilie. Tairi linaloingia na kutoka lenyewe kwenye rimu ya kaboni ni la kuogopa kuliko linalobana, na hasa kama rimu haina ndoano, kwa sababu hapo kinacholishika tairi ni mkazo wa waya wake peke yake. Februari 2024, kwenye mashindano ya UAE Tour, Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka baada ya tairi kumtoka kwenye rimu ya aina hiyo, na ubishi juu ya rimu zisizo na ndoano ukawaka dunia nzima. Watengenezaji wa rimu hizi hutoa orodha ya matairi yanayokubalika na upana wake. Fuata orodha. Tairi liwe la tyubulesi kwa kuzaliwa, hata kama unakusudia kuweka tyubu ndani. Mteja akiniletea lisilo la tyubulesi kwa rimu isiyo na ndoano, namrudishia na chai nampa.

Na kulitoa je?

Lililobana kuingia hubana kutoka, zaidi likiwa na dawa iliyokauka ikageuka gundi. Toa hewa yote. Usianze na liva kabisa, kwa sababu waya ungali juu ya kibaraza na hakuna ulegevu hata wa unywele; hapo ndipo kingo nyingi huvunjika, kuliko wakati wa kuingiza. Weka gurudumu wima, sukuma ubavu wa tairi kwa vidole gumba kuelekea katikati mpaka usikie limeachia, "tup". Likigoma, lilaze juu ya kitu laini, ulikandamize tairi kwa kisigino cha kiganja, mwili wako wote juu yake, na uangalie usiikandamize rimu. Maji ya moto kidogo yanalainisha dawa iliyoganda. Ukipata sehemu moja iliyoachia, ifuate kuzunguka pande zote mbili mpaka waya zote zilale mferejini, ndipo uingize liva ya plastiki karibu na vali, wakati upande wa mkabala umeshuka chini.

Ukiwa njiani, tuseme umekwama kati ya daraja la Sabaki na Mambrui, ni mpangilio huo huo, ila bila maji ya moto. Beba liva mbili za plastiki, vipande vyako viwili vya tyubu kuukuu, na chupa ndogo ya maji ya sabuni. Kijana wa bodaboda atasimama kukusaidia, watu wa huku hawakupiti hivi hivi, na atatoa bisibisi mfukoni kwa moyo mweupe. Mshukuru, mpe akushikie baiskeli.